Kumpelekea Mwalimu Kasereka Saturne

Sikuondoka Butembo kwa kupenda safari. Miaka ile ya vita mtu mwenye akili zake alikaa kwake na kufunga mlango mapema. Niliondoka kwa sababu ya jicho la kushoto la Mwalimu Kasereka.

Yeye ndiye aliyenifundisha jiografia na fizikia nilipokuwa msichana, Beni. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa zamani. Sasa mke wake, Mama Masika, aliniandikia barua na kuipitisha kwa dereva Ramazani: la kushoto nalo linaingia ukungu, na daktari amesema labda litafika Pasaka, labda halitafika. Mwalimu mwenyewe hakuomba kitu. Lakini mimi nilikumbuka. Kila mwaka, somo la sayari lilipofika, alichora mpira ubaoni kwa chaki, akauvalisha pete, akasema, "Saturne. Mimi sijaionaka kwa macho, mais siku moja nitaiona." Tulicheka, maana alisema hivyo kila mwaka kwa maneno yale yale.

Na darubini nilikuwa nayo. Fundi mmoja mgeni wa mitambo ya kahawa alivikimbia vita akaiacha shuleni kwetu, Vulamba, nami nikakabidhiwa kwa kuwa ndimi mwalimu wa fizikia. Haikuwa ya kushika mkononi. Ilikuwa na miguu mitatu, mota, na kibao cha vitufe chenye kioo kidogo cha maandishi mekundu. Unaiambia uko wapi, ni tarehe gani na saa ngapi. Yenyewe inageuka kutafuta nyota mbili, nawe unazisogeza mpaka zikae katikati. Baada ya hapo unachagua jina la sayari, inakupeleka. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, nikapigana nacho kwa kamusi majuma mawili. Ukungu wa Butembo uliniachia mwezi tu, na mwezi hauhitaji hesabu: unauona, unauelekezea, basi. Hata hivyo nilikwisha kujiona fundi.

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, Ramazani alinipakia kwenye pikapu yake juu ya magunia ya viazi na vitunguu vya Lubero. Darubini niliifunga kwa vikwembe viwili na kuipakata mapajani. Ramazani ni mtu wa Beni, Mwislamu, aliyekuwa anajua kila shimo la barabara ile na jina la kila askari aliyesimama kandokando yake. Alilitazama furushi langu, akatikisa kichwa.

"Mama mwalimu, kama banauliza, sema ni kintu ya kanisa."

"Sitasema uongo, Ramazani."

"Basi utasema ukweli, na tutalala njiani."

Bariyeri ya kwanza, kizuizi cha askari, tulivuka kwa salamu na vitunguu. Ya pili, kabla ya Maboya, ndiyo iliyotukamata. Askari mmoja kijana, mrefu, mwenye Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, aliamuru nifungue vikwembe. Alipoliona lile bomba nene jeusi alirudi nyuma hatua mbili. Wenzake wakasogea na bunduki. Nakiri, niliogopa sana.

Nikafanya jambo moja tu nililolijua. Niliisimamisha darubini pale barabarani, nikaielekeza kwenye mlima wa mbele, nikamwambia aangalie. Aliinama kwa mashaka. Kisha akacheka kama mtoto: kulikuwa na mbuzi wawili huko mbali, na alikuwa anaziona ndevu zao. Basi ikawa foleni. Kila askari alitaka mbuzi wake, hata mkubwa wao akatoka kibandani. Muda mrefu ulipita, Ramazani akiwa amelala juu ya usukani.

Tulipoachiwa, yule kijana alinishika mkono wa kushoto, bila ukali, akatazama saa yangu.

"Saa yako iko nyuma. Sisi tunafuata ya Kampala. Usiku saa tatu kila mtu ndani, taa zimezimwa. Ukifuata hii yako, utapigwa risasi bure."

Akaivuta ncha, akaisogeza saa moja mbele kwa vidole vyake mwenyewe, akanirudishia mkono wangu. Nilimshukuru kwa dhati. Alikuwa ananitakia uzima.

Baada ya Kabasha barabara ikaanza kushuka na joto likatupokea. Nilivua koti. Michikichi ikaonekana, kisha mabati ya Beni. Ramazani alinishusha upande wa Mulekera, mlangoni kabisa kwa Mwalimu, akaahidi kunipitia Jumamosi alfajiri. Nilikuwa na jioni mbili.

Mama Masika alinikumbatia akishukuru kwa lugha yetu, "Wasingya, Kavira, wasingya," akachukua furushi kichwani bila kuuliza ni nini. Mwalimu alikuwa amekaa ukumbini, ameinua uso upande wangu kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Alikuwa amekonda. Nilipomwambia nilichobeba, alinyoosha mikono. Aliomba aiguse. Akaipapasa kuanzia miguuni mpaka kwenye kioo, polepole.

Jioni ile tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, mapema, kisha nikaisimamisha darubini uani. Mbingu ilikuwa safi. Niliandika kwenye kibao mahali tulipo, kama nilivyonakili kutoka ramani ya shule; nikaandika masaa mawili mbele ya Greenwich; nikaandika tarehe; nikatazama mkono wangu, nikaandika saa. Mwalimu wa fizikia mzima, sikujiuliza kwa nini siku hiyo giza la Beni limechelewa kuingia hivyo. Mota ikaguna, darubini ikageuka kutafuta nyota ya kwanza. Ndani hapakuwa na kitu. Pembeni niliona nyota moja nzuri yenye kung'aa, nikaichukua hiyo. Ya pili nayo hivyo hivyo. Kibao kikalia, kikakubali. Nikachagua Saturne, ikageuka, ikasimama.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili lilitokana na malezi mema. Kwetu mkubwa hutangulia, hata kwenye chungu. Sikuchungulia kwanza. Nilimshika Mwalimu bega, nikamwinamisha, nikasema, "Mwalimu, muangalie."

Aliangalia muda mrefu. Mama Masika alisimama akiwa amefunga mikono kifuani. Mwishowe Mwalimu alijiinua.

"Niliona," alisema. "Aksanti sana, mutoto yangu. Niliona."

Mke wake akajifuta machozi kwa ncha ya kikwembe, akamwongoza ndani. Nami nikainama, nikiwa na furaha kubwa, ili nione pete kwa mara yangu ya kwanza. Kulikuwa na giza tupu na nukta mbili ndogo za nyota zisizo na jina.

Sikuwaambia. Nililala chumba cha wageni nikiwa na aibu iliyonichoma mpaka masikioni. Mzee yule alikuwa ametoa shukrani kwa giza, na alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Ijumaa asubuhi niliamka kabla ya wenyeji. Misa ilikuwa saa moja, nami nilitaka kufika pale nikamweleze Mungu, kwa kuwa Mwalimu nilishindwa kumwambia. Saa moja kamili nilikuwa mlangoni kwa kanisa. Mlango umefungwa. Mwanaume mmoja alikuwa anafagia ngazi.

"Misa imeondolewa?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Ni saa moja."

"Ni saa moja sasa."

Aliniangalia mkono, akatabasamu kwa huruma. "Hii ni saa ya basoda, ya hawa askari. Siye huku hatukubadirisha. Ni saa kumi na mbili. Ikaa tu, utasali mingi."

Nilikaa kwenye ngazi. Kwanza nilijicheka. Kisha nikachukua kijiti, nikaanza kuchora hesabu kwenye vumbi alilokuwa amelifagia. Mbingu yote huzunguka mara moja kwa siku; kwa saa moja inasogea kama upana wa ngumi moja na nusu, mkono ukiwa umenyooshwa. Nilikuwa nimeiambia mashine kwamba nyota zimekwisha kwenda mbele kiasi hicho, ikaniamini, ikaelekea pasipo na kitu. Nyota nilizoipa hazikuwa zile ilizozitaka. Mashine haikuwa na kosa lolote, masikini.

Baada ya Misa nilimkuta Mwalimu akinywa chai. Niliona heri nimwambie wazi.

"Mwalimu, jana hamukuona kintu."

Aliweka kikombe chini. "Najua."

"Sasa kwa nini mulisema muliona?"

"Kavira, wewe ulitoka Butembo na furushi, ukavuka babariyeri. Ningesema nini? Ningesema, rudi na kintu yako?" Akakisogeza kikombe pembeni. "Na nilifikiri pengine ni jicho. Nilifikiri basi, imekwisha, nimechelewa."

Hilo la mwisho lilinivunja moyo. Usiku kucha nilidhani mwenye aibu ni mimi peke yangu, kumbe yeye alilala akidhani kwamba amekuwa kipofu kabisa. Nilimweleza habari ya saa. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza majibu ya mtihani, kichwa upande, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Donc, basoda banapenda kubadirisha hata saa ya Saturne."

Mchana mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mangina. Yalipanda bila haraka, na kila nilipotoka nje yalikuwa yameongezeka. Mama Masika aliniambia niache kuyatazama, hayataniogopa. Jua lilipotua, nusu ya mbingu ilikuwa imefungwa. Nilirudisha saa yangu nyuma mahali pake, nikaandika upya kila kitu. Mota ikaguna. Safari hii darubini ilisimama juu ya ile nyota nyeupe inayozishinda zote kwa kung'aa, Sirius, na ilikuwa karibu katikati. Nilisogeza kidogo tu. Ya pili ikaja vilevile. Nikachagua Saturne. Mawingu yalikuwa yamebakiza mwanya juu ya vichwa vyetu.

"Mwalimu, munisamehe. Leo nitatangulia mimi."

"Tangulia. Ndiyo fizikia hiyo."

Nilichungulia. Sitaeleza mengi. Ilikuwa pale, ndogo, ya rangi ya siagi, na pete yake. Niliondoka haraka kwa kuogopa mawingu, nikamwinamisha, nikaweka vidole vyake kwenye kifundo cha kusafisha taswira. Alikizungusha mbele, akarudi nyuma, akazungusha tena kidogo. Kisha akaacha. Nikasikia mlio wa chura, nikasikia redio ya jirani ikizimwa. Niliogopa kwamba ataniambia tena ameona.

"Haigusane," alisema.

"Nini, Mwalimu?"

"Pete. Haigusane na mpira. Iko nafasi pale kati, nyeusi." Alikuwa bado ameinama, jicho lake limebanwa kwenye kioo. "Mimi niliichoraka inagusana. Miaka yote. Niliwafundisha vibaya, na wewe mwenyewe."

"Hata mimi nawachorea batoto hivyo."

"Basi utawaachia nafasi."

Alibaki pale mpaka mwanya ulipozibika. Nilimwachia zamu yote. Mama Masika aliangalia mara moja tu kwa kusukumwa, akasema ni kadogo, kisha akatuhimiza tuingie kabla ya saa ya kuzima taa. Sikuhitaji kuuliza ni saa ya nani.

Jumamosi alfajiri Ramazani alipiga honi. Mwalimu alitoka hadi mlangoni, akanipa mkono kwa mikono miwili. Kwenye bariyeri ya Maboya yule askari kijana alinikumbuka, akaomba mbuzi tena, akaona saa yangu imerudi nyuma. Akaisogeza mbele bila kukasirika, nami nikamwacha. Nilikuwa nimeandika saa ya kweli kwenye karatasi na kuibandika kwenye mguu wa darubini. Mkono wangu uliendelea kufuata wenye bunduki kwa muda mrefu baada ya hapo, kama mikono ya wasafiri wengine.

Safari hiyo ilinifunza kwamba mashine yenye akili nyingi hivyo inategemea ukweli mmoja mdogo, na katika nchi yenye vita hata saa ngapi ni jambo la kuulizia mara mbili. Ilinifunza pia kuchungulia kwanza kabla ya kumkaribisha mkubwa.

Jumatatu nilichora mpira ubaoni, nikauvalisha pete. Wasichana wawili wa mbele waliinua mikono: kwenye madaftari ya dada zao, pete inagusa. Niliwaambia wasahihishe, Mwalimu Kasereka ameiona kwa jicho lake.

Jicho hilo lilizimika kabla ya Pasaka. Ramazani ndiye aliyeniletea habari, amesimama mlangoni kwa darasa na kofia mkononi. Nikauliza kama Mwalimu amenitumia neno lolote.

"Moja tu. Anauliza kama unaacha nafasi."

Niligeuka kwenye ubao. Mchoro wa asubuhi ulikuwa bado haujafutwa. Niliweka vidole kati ya mpira na pete, nikapima.

"Mwambie ya vidole viwili," nilisema.