Fundi wa Kakiika alivyomtilia yaya wangu chandarua ndani ya vape

Habari zenu wakuu. Hii si ya kusikia kwa jirani, ni ya nyumbani kwetu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi. Mkikuta neno la uongo humu, nifukuzeni jukwaani. Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi natengeneza simu kwenye duka langu dogo Base Camp, upande mmoja wa kambi. Yaya wangu, yaani kaka mkubwa, analima maharage na kuyapeleka Mbarara kuuza. Tulitoka naye Kivu Kusini, na sigara akatoka nazo. Mwaka huu kifua kikamkamata. Daktari akamwambia wazi: ukiendelea na sigara, unajichimbia kaburi.

Shemeji yetu aliyepata resettlement, yaani aliyehamishiwa ng'ambo, akamtumia vape, sigara ya umeme, ile ya kujitengenezea mwenyewe koili, ule waya unaopasha moto.

Hapa Uganda sheria haitaki hivi vitu viuzwe, kwa hiyo usitegemee duka. Waya na pamba unajipanga.

Ndipo mimi nikaingia, nikawa namfungia yaya na kumfundisha afunge mwenyewe. Sijisifu, lakini kazi naijua. Unazungusha waya mara sita au saba kwenye bisibisi nyembamba, unakaza ncha zake mbili kwa skrubu, unapima ohm uone umeme unapitaje. Unabonyeza kidogo kidogo mpaka koili iwake kuanzia katikati. Kisha unapitisha pamba safi. Ikibana sana maji ya vape hayapiti, ikilegea yanavuja. Unailowesha, unangoja, halafu ndiyo unavuta.

Mutu asiye na subira aachane nayo.

Yaya alikaa miezi miwili bila kugusa sigara. Mkewe, Mama Neema, akaanza tena kuimba jikoni. Sisi wote tukapumua.

Basi siku moja pamba ikaungua akiwa Mbarara na maharage yake. Badala ya kurudi nayo kwangu, akampelekea fundi mmoja wa Kakiika, hapo hapo Mbarara, wanayemwita Afande.

Wakuu, huyu Afande jeshi hajaliingia hata mlangoni. Alikulia nyuma ya kambi ya jeshi, akaokota Kiswahili cha amri na kofia moja ya kijani, basi. Anatengeneza pasi, redio, mashine za kunyolea, anachokijua na asichokijua. Zaidi asichokijua.

Pamba hakuwa nayo. Unadhani alisema hana? Thubutu!

Akatupa jicho kwenye gunia la maharage, akaona mdomo wake umefungwa kwa kipande cha chandarua.

Kwa ambao hamjakaa kambini, chandarua cha msaada sisi tunakifanyia kila kitu. Uzio wa kuku, kamba ya mbuzi, cha kujisugulia mwili. Kulala ndani yake ndiyo kazi ya mwisho kabisa. Kwa hiyo yaya wala hakushtuka.

"Hii ndiyo mzuri, ssebo," Afande akamwambia. "Pamba inaungua bure. Hii iko na nguvu, hapana ungua."

Chandarua, wakuu! Plastiki iliyotiwa dawa ya kuua mbu! Akasokota, akapitisha katikati ya koili, akakata ncha kwa wembe huku akijiona profesa.

Yaya akavuta, akasema inanuka plastiki.

"Tulia mzee, ni vile iko mpya. Vuta ingine, utazoea."

Na yaya wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akavuta ingine. Na ingine, njia nzima mpaka nyumbani.

Alifika midomo inamwasha, macho mekundu, anakohoa mpaka anashika ukuta. Tukamkimbiza kliniki. Daktari aliposikia alichovuta, aliweka kalamu chini akatutazama mmoja mmoja. Nilitamani nijifiche chini ya kitanda. Wiki nzima sauti ya yaya haikutoka vizuri.

Nikaifungua ile vape. Koili nyeusi, plastiki imeyeyuka na kugandia kila fasi. Nikapanda gari mpaka Kakiika, nikamwekea Afande mezani.

Akaigeuza geuza. "Mzee alibonyeza mingi. Hiyo ni makosa ya mteja."

Banange! Nilimtukana kwa lugha zote nilizonazo, na Kifaransa nikaongeza. Watu wakajaa. Yeye akaendelea kukaza skrubu za redio ya mtu.

Nikarudi kifua mbele. Nikachemsha pamba, nikaianika, nikafunga koili nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga. Nikampelekea yaya, na mkewe akiwepo nikamuuliza, "Yaya, mimi niko hapa. Ulienda kutafuta nini kwa ule mujinga?"

Akajibu polepole, sauti bado inakwaruza.

"Mara ya mwisho nilikuletea imeungua, ulinicheka mbele ya batu. Ulisema mikono yangu ni ya jembe tu. Yule hakunicheka."

Wakuu, ni kweli. Nilikuwa nimesahau kabisa. Wateja walikuwa wamejaa dukani, wakacheka, na mimi nilivyoona wanacheka nikazidisha. Yaya alichukua kitu chake akaondoka, nikaendelea na simu za watu.

Ile koili mpya hakuipokea. Alisema, "Weka pale," akatoka nje. Baada ya muda kidogo harufu ya sigara ikaingia mlangoni. Mama Neema akainama, akaendelea kuchambua mchele.

Nimejifunza nini? Ndani ya koili ni pamba safi tu, msidanganywe na mafundi wa kila kitu. Afande ni mjinga, hilo silifuti hata mnipige mawe. Lakini mwanafunzi niliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, kaka yangu wa tumbo moja, na nilimfukuza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Mwenye kujua namna ya kumrudisha mtu aliyekwisha kukukatia tamaa, aandike hapa chini, nitasoma yote. Waliokuja kunicheka nao waandike, leo ni zamu yangu.

Asubuhi hii yaya amepita mbele ya duka langu, pakiti ya sigara iko mfukoni mwa shati. Nimemsalimia. Ameitikia, lakini hakusimama.