Minyoo Wanne wa Shamba la Koko

Mwezi uliopita nilipanda mlimani hadi Kibumba na jembe la kuazima, rafiki, na nilipofika kwenye shamba la koko, nyanya yangu, nilifanya jambo ambalo wapita njia walisimama kulitazama. Nilipiga jembe mara moja, nikainua bonge la udongo, nikaliweka juu ya kitenge na kulivunjavunja kwa vidole, kisha nikapiga magoti kuhesabu. Nilipomaliza nilihesabu tena. Nauza viazi katika soko la Birere, mjini Goma, na Birere ukihesabu mara moja tu, meza yako inafungwa kabla ya Krismasi.

Mama ndiye aliyenituma. Amezeeka, hawezi tena kupanda gari bila kusukumwa mgongoni, lakini lile shamba la mama yake bado analilima kichwani kila asubuhi. Sasa kuna muzee mmoja, jirani yetu wa kule juu, analitaka apande miti ya makala, ya kuchoma makaa. Mama akaamua kwa namna ya kwao.

"Enda upige jembe," akaniambia. "Ukipata minyoo tatu kwa jembe moja, hatuuzishi. Nitarudi kulima hata kwa kutambaa. Ukikosa, basi, huyo muzee achukue."

Pengine hukukulia kule, kwa hiyo nikueleze. Koko, mama wa mama yangu, alikuwa na shamba moja dogo na alizoea kukodi la pili. Lakini hakukodi shamba kwa macho. Mwenye shamba angelisifu kuanzia mpaka huu hadi mpaka ule, na koko angemwacha amalize, kwa heshima kabisa. Kisha anaingia katikati, si pembeni, kwa sababu pembeni kila mtu hutupa maganda, anapiga jembe, anahesabu minyoo ya udongo. Akikuta wengi, ndipo bei inaanza kuongelewa. Akikuta wachache anaomba maji ya kunywa, anashukuru, anakwenda zake.

"Hawa ndio walimaji," alikuwa akisema. "Mimi nawasaidia tu."

Nami nilimwamini, maana nilikuwa namwona akiwatunza kuliko alivyotutunza sisi. Maganda ya maharagi hayakuchomwa. Tuliyabeba kichwani na kuyarudisha shambani, ukungu ukiwa bado umelala chini, vidole vya miguu vimekufa baridi. Baada ya viazi, maharagi. Baada ya maharagi, shamba lilipumzika na mbuzi walilala humo. Udongo ulikuwa mweusi, ukiushika unabaki umeshikana kama ugali, ukinusa unasikia uyoga. Saa sita tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na chumvi, na maganda yake, na kila udongo uliokuwa kwenye kucha. Vile viazi nilivihesabu. Udongo niliokula sikuuhesabu.

Na mvua, rafiki. Mvua ilikuwa inajua siku yake. Koko alikuwa anaanika mbegu, anatazama upande wa volkeno, anasema "keshokutwa", na keshokutwa inakuwa.

Biashara yangu ya kwanza niliifanya kwenye shamba la kukodi. Mwenye shamba alikuwa jirani mnene mwenye mke mpika mandazi. Alijua shamba lake limechoka na alijua koko atakuja na jembe lake. Akaniita nyuma ya nyumba. Nichukue minyoo kutoka kwenye rundo la samadi ya ng'ombe, akasema, niwafukie katikati ya shamba kabla koko hajafika. Akataja mandazi mawili. Nikamwambia kwa kazi hiyo ni sita. Tukakutana kwenye manne, na nikayala kwanza, maana hata wakati ule nilikuwa naelewa mambo ya malipo.

Koko akafika, akapiga jembe pale pale, akakuta minyoo kumi na moja. Jirani akajikohoza kwa furaha. Koko akahesabu mara ya pili, polepole, akamwinua mmoja kwenye mwanga. Alikuwa mwekundu, mwembamba, mwenye pete. Wa shamba huwa wamepauka, wanene, wanajivuta bila haraka kama watu wenye nyumba.

"Jirani," koko akauliza, "hii bei uliyotaja ni ya wenye shamba ao ni ya wageni?"

"Wageni gani, mama?"

"Hawa. Wametoka kwenye samadi yako. Na sioni kama walikuja kwa miguu."

Jirani akaangalia mbuzi wake. Koko akaniangalia mimi, akaona sukari kwenye shavu, na kesi ikaishia hapo. Hakunipiga. Alinirudisha na minyoo yangu mpaka kwenye samadi, niwaachie mmoja mmoja, kwa hesabu. Nilirudisha kumi. Kesho yake akanishika mkono, akanionyesha yule wa kumi na moja niliyemsahau juani. Amekauka kama kipande cha kamba.

"Munyoo haikai mahali haina chakula wala kivuli," akasema. "Uko unaiweka kwa mkono, uko unaiua kwa mkono."

Ndiyo maana mwezi uliopita nilipiga magoti bila kujali wapita njia. Na sikukuta kitu. Nikapiga jembe pa pili, pa tatu, mwisho hata pembeni, ambako koko angenicheka. Udongo ulikuwa rangi ya majivu, unapita katikati ya vidole, hauna harufu yoyote. Rafiki, nimewahi kununua gunia la viazi nikakuta mawe chini, nikapiga kelele hadi njia panda ya pili. Siku ile sikuwa na wa kumpigia kelele.

Yule muzee wa makala alikuwa ameegemea mti wake, ananitazama.

"Mama, unatafuta nini humo? Ulipoteza pete?"

"Natafuta walimaji, muzee."

Akaelewa, kwa kuwa naye ni wa pale. Akashuka, akachuchumaa karibu yangu. "Walienda," akasema. "Sisi tulikimbia vita, tukarudi, tukakimbia tena. Wao hawakurudi."

Akanisimulia yale ambayo nusu yake nilikuwa nayajua. Tulipokuwa tumekimbilia Goma, waliobaki walipanda viazi juu ya viazi, msimu kwa msimu, na pompi ya dawa mgongoni. Nani atapumzisha shamba ambalo hana hakika ya kulala karibu nalo? Miti ya mipakani ilikatwa, watu wapike. Mvua siku hizi inakawia wiki baada ya wiki, jua linapika udongo, kisha inamwagika yote mchana mmoja na maji yanashuka barabarani meusi. Ule weusi ndio shamba lenyewe. Halafu yalikuja makamio, yale malori makubwa, kuchota udongo wa juu, uliokuwa bado mzuri, kwenda kuutandaza Himbi, mtaa wa wakubwa kule Goma, juu ya mawe ya volkeno, majani yapate kumea mbele ya ofisi. Hapo nilijifanya nafunga kamba ya kiatu. Dereva mmoja wa makamio hayo nilimtafutia mteja mimi mwenyewe. Sikuuliza anachota wapi. Bei niliipatanisha vizuri sana.

"Miti yangu nayo itakunywa maji yaliyobaki," muzee akasema. "Najua. Lakini mti unakubali kuota humu. Maharagi yanakataa."

Jioni mama alikuwa amekaa mlangoni. Nyumba yetu imejengwa juu ya mawe yale yale ya volkeno, huwezi kuzika hata sindano. Ndiyo maana zamani, wakati wa kuhamia, mama alileta magunia mawili ya udongo wa shamba la koko. Moja lilioza. Jingine bado limesimama ukutani, na humo anapanda lengalenga, mchicha wa kwetu, analimwagilia maji ya kuoshea mchele kama anayenywesha mtoto.

"Ngapi?"

"Hakuna, mama."

"Umehesabu mara mbili?"

"Mara mbili, sehemu nne."

Nilifikiri atasema muzee aitwe. Akaonyesha gunia kwa kidevu. "Hesabu humu."

Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa udongo kidogo kidogo. Ulikuwa mweusi. Ulinukia uyoga. Nikapata saba, wanene, waliopauka, wale wenyewe. Nikahesabu tena, saba.

"Peleka wane kwenye shamba," mama akasema. "Watatu wabaki."

"Mama, wawili."

"Wane."

Hiyo ndiyo bei pekee maishani ambayo sikuweza kuisogeza. Na mama anayajua maneno ya mama yake, kwamba munyoo wa kuwekwa kwa mkono hufa, kuliko mimi. Alisema vile kama mtu anayepeleka mgonjwa kwenye hospitali ambayo kila mtu anajua haina dawa. Nikawaweka wanne kwenye bwate, mkebe wa maziwa ya unga, na udongo wa majimaji juu yao.

Jumapili, mama akiwa misa, nikawarudisha kwenye gunia, mmoja mmoja, kwa hesabu. Safari hii sikusahau hata mmoja. Jumatatu nikatoka na bwate tupu, nikauza viazi Birere kutwa, nikarudi na vumbi la kutosha kwenye viatu.

"Umewaweka pembeni?" mama akauliza.

"Katikati, mama."

Akamtumia muzee neno kwamba shamba haliuzwi, lina wakaaji. Sasa kila wingu likisimama upande wa kule anasema wale wanne wamepata maji. Lengalenga imejaa hadi inamwagika kwenye mdomo wa gunia, naye anawaonyesha majirani: "Angalia kazi ya watatu tu." Nami natingisha kichwa kukubali. Koko angenitazama shavuni mara moja, na asingehitaji kuhesabu mara ya pili. Lakini koko amelala kule juu, chini ya udongo usio na mtu wa kuugeuza, na ukungu wa asubuhi umepungua, na hakuna tena anayesema "keshokutwa" ikawa keshokutwa.

Wiki hii mama amenipa jembe nilipeleke kunolewa. Mvua ya kwanza ikinyesha tutapanda Kibumba pamoja, anasema, akawaone wamezaa wangapi. Jembe limenolewa, liko nyuma ya mlango. Kila asubuhi natoka uani, natazama upande wa volkeno kama koko alivyotazama, na mimi, mjukuu wake, naomba mvua ichelewe.