Herufi ya Bahati

Fundi wa seva pale ofisini Chennai hasomi kosa kimyakimya. Hulisoma kwa sauti, kisha hulijibu. "Kuna hitilafu. Wasiliana na msimamizi wako," kioo kinasema, naye anafoka, "Msimamizi ni mimi! Niwasiliane na nani, na babu yangu?" Halafu humimina kahawa kutoka bilauri hadi bakuli na kuirudisha tena ili ipoe, bila kudondosha tone, macho hayabanduki kwenye kioo. Leo Padmaja amesimama nyuma yake, begi begani. Dada yake anaolewa kesho Madurai, treni inaondoka jioni, na ruhusa yake imekwama ndani ya seva isiyofunguka, ile ambayo fundi aliipa jina Lakshmi.

"Tulia, mama," fundi akamwambia, kahawa ikipanda na kushuka. Ghafla mkono ukasimama. "Programu inamtafuta Lakshmi. Humu yumo Lakshmii. Nani kambadilisha jina binti yangu?"

Meneja Ranganathan akakohoa. "Mnajimu alisema herufi moja ya ziada itatuletea bahati."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. "Ifute basi!" Padmaja akasema.

Fundi hakucheka. "Bahati haifutwi, mama. Nitaifundisha programu imwite anavyotaka kuitwa." Akaandika, akanywa, akaandika; ukurasa ukafunguka, na meneja akaidhinisha ruhusa huku ameinamisha kichwa. Padmaja alipoinama kushukuru ndipo akakiona kitambulisho kifuani mwa fundi: jina la kawaida kabisa, ila mwishoni lina "a" tatu.

Fundi akakifunika kwa kiganja. "Wahi treni, mama."