Betri si Dumu

Nakumbuka siku niliyomshusha mama mkwe wangu katikati ya mlima, mwanangu, naye hunikumbusha kila Krismasi. Nilikuwa kijana wakati huo. Usicheke; ujana wangu uliishia siku hiyohiyo.

Unazijua foleni za petroli za mji huu. Aliyewahi kulala garini akisubiri pampu hawi tena mtu wa kawaida: akiona dumu, analijaza hadi shingoni. Mimi nilizikimbia foleni nikanunua gari la umeme, kuukuu kidogo, lakini tabia ya dumu nikahama nayo. Umeme ukirudi mtaani kwetu Bwiza, nachomeka. Betri ikijaa, naacha waya palepale, maana nani ajuaye utakatika saa ngapi? Gari lilishinda wiki nzima limejaa pomoni kwenye banda la mabati, jua likilioka, nami natembea kwa miguu nisije nikaipunguza akiba. Kijitabu cha gari kilionya waziwazi kwamba betri inayokaa imejaa, tena kwenye joto, huzeeka upesi. Nilikisoma, shahada ninayo. Nikaona tu kwamba aliyekiandika hajawahi kupanga foleni Bujumbura. Akiba haiozi, nikajiambia.

Basi mjukuu wa mama mkwe akawa anaolewa kule milimani, na bibi ndiye wa kumbariki kabla hajatoka kwao. Nikajitolea kumpeleka. Nikamchukua kwake Ruziba, betri imejaa. Mwaka uliotangulia iliupanda mlima ule na chaji ikabaki.

Safari hii kila kona ilikula chaji kama nzige. Nikazima redio, nikazima kipoza hewa. Mama mkwe akatoka jasho kimyakimya ndani ya kitenge chake kipya, kisha akauliza:

“Mukwe, hii gari iko mugonjwa?”

“Apana, mama. Imejaa tangu wiki iliyopita.”

“We ukimushindilia mutoto ugali mpaka kwa koo, halafu unamuweka kwa jua wiki nzima, ataweza kupanda mulima?”

Gari likalegea hadi baiskeli zilizojishikiza nyuma ya lori zikatupita.

“Nishushe hapa,” akasema. “Ile lori iko na nguvu.”

Lori likasimama, akakaa mbele karibu na dereva, akanipungia mkono kama mgeni wa serikali. Bibi arusi alibarikiwa kwa wakati. Mimi nikageuza gari kwa pumzi iliyobaki, na kwa kuwa gari la umeme likiteremka hujichaji kidogo, nikafika Bwiza bila taabu. Habari zikamfikia mama mkwe.

“Kumbe haiko mubovu,” akasema. “Inajua njia ya kurudi kwenu tu.”

Mwanangu, petroli ni akiba. Betri ni tumbo. Siku za kawaida ilishe, isimamishe kabla haijashiba kabisa, wala usiingoje izimie kwa njaa. Ijaze hadi juu usiku wa kuamkia safari ndefu, kisha ondoka nayo. Itafutie kivuli. Na uliendeshe, gari halikununuliwa litazamwe. Nguvu iliyokwisha kuzeeka hairudi, nami nilijaribu hata kuliombea.

Mungu akujalie umeme usiokatika, milima mifupi, na mama mkwe anayekubali kupanda gari lako mara ya pili. Wangu bado anafikiria.