Niliitisha mkutano wa kuwahamisha wageni sokoni Koboko, mama yangu akahudhuria

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Kazi yangu ni kuuza chai, lakini humu ndani hamna chai, yaani uongo, hata kikombe kimoja. Yote yalinikuta mimi, mchana kweupe, mbele ya watu ambao nilidhani wananiheshimu.

Mimi ni mtu wa Ayivu, nje kidogo ya Arua. Hoteli yangu iko Koboko. Nikisema hoteli msifikirie lifti. Ni mabati, mabenchi na masufuria. Asubuhi chai, mchana ugali wa muhogo kwa maharage, samaki mkavu akipatikana.

Kiswahili hiki nilikipata Mwanza, nilikokuwa napika kwenye mgahawa wa mama mmoja kabla ya kurudi kufungua wangu. Ndiyo, huko mgeni nilikuwa mimi, na najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Tulia mkuu, tutafika.

Kwa wasiopajua, Koboko iko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Huku Kongo, huku Sudan Kusini. Vita vilipowaka ng'ambo watu walikuja wengi, na baadhi yao wakatoka makambini wakaingia mjini kutafuta riziki.

Mmoja wao ni Mama Kiden. Mwanamke mrefu, wa kutoka Yei, Sudan Kusini, mpole, sauti ya chini. Akafungua kibanda mkabala na hoteli yangu.

Nikasema huyu namaliza naye mwezi mmoja tu, atafunga.

Anapika kisra. Ni mkate mwembamba wa mtama. Uji wake unachachushwa, unamwagwa kwenye chuma cha moto, unatandazwa haraka, unabanduka laini kama kitambaa. Unaliwa kwa mchuzi wa bamia. Watu wananawa, wanazunguka sinia moja, wanakula huku wanapiga stori weee.

Wateja wangu wa Sudan Kusini wakahamia kwake. Nikasema sawa, wamefuata chakula cha kwao.

Wakahama watu wa boda.

Wakahama walimu.

Siku moja nikamwona katekista wetu, mtu ninayempa chai ya bure kila Jumapili, anaramba vidole upande wa pili wa barabara.

Nikaona isiwe tabu, na mimi nipike kisra. Sikuwa na subira ya kungoja uji uchachuke. Kilichotoka kilifanana na kiraka cha tairi. Mteja mmoja muungwana alikitafuna mpaka akachoka, akaomba ruhusa ya kwenda nacho nyumbani.

Pigo kubwa likaja Candiru alipoondoka. Candiru alikuwa mpishi wangu, na bila yeye maharage yangu hayalainiki hata ukiyasomea dua. Aliniaga vizuri, akavuka barabara, akafunga aproni kwa Mama Kiden. Nikawa namwona kutwa nzima, anachochea sufuria la mwingine.

Hapo niliogopa, wakuu. Nina watoto wawili shule ya bweni na muhula ulikuwa unakaribia kuanza. Nilijua mambo yakiendelea hivi nafunga hoteli, narudi Ayivu kushika jembe kwa mama na mvi zangu hizi.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja likasimama lori la mazao, akashuka mama yangu mzazi na magunia ya mtama. Nikatoka nje na tabasamu, nikijua mama amesikia shida zangu. Akanisalimia, akauliza wajukuu, kisha akawageukia wabebaji.

"Peleka kule kwa Mama Kiden."

"Mama?!"

"Yeye nanunua yote, hapana sumbua. Wewe nanunua mtama yangu siku gani?"

Kweli tupu. Zamani mtama wa Ayivu ulikuwa unalala ghalani mpaka wadudu wanashiba. Sasa majirani wa mama wamepanua mashamba. Lakini siku ile sikuwa na muda wa kufikiria uchumi, nilikuwa na hasira.

Nikaanza kampeni. Kwa mwuza nyama, kwa mwuza samaki, kibanda kwa kibanda. Hoja yangu ilikuwa moja. Wageni wanachukua wateja, wanachukua wafanyakazi, wanaharibu soko. Wote wahamishiwe kule nyuma kwenye soko la mbuzi, sisi wazawa tubaki barabarani. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti wetu wa soko, Mzee Lemi, mzee kwa cheo tu, mtu wa koti moja na subira nyingi, akaitisha mkutano nilioutaka.

Ukaangukia siku ambayo mama alikuwa ameleta mzigo mwingine. Akavuta gunia tupu, akakaa kusikiliza. Nikafurahi kabisa. Nilitaka mama aone mwanawe anavyoongea mbele za watu.

Nikasimama. Nikakohoa.

"Mzee, tuanze kwa kujua nani ni nani. Waliozaliwa ng'ambo ya mpaka waende kule kwenye mashine ya kusaga. Wazawa tubaki hapa."

Mama Kiden akanyanyuka, akaenda. Peke yake, wageni wenzake hawakuja. Roho ilinisuta kidogo, nikaizima.

Kisha Mzee Lemi akabeba kiti chake, akaanza kutembea kuelekea mashineni.

"Mzee, wewe iko chairman!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Mimi nazaliwa Yei," akasema, akakiweka kiti, akaketi.

Niwafafanulie vijana. Mwanzoni mwa miaka ya themanini vita vilikuwa vya kwetu. Koboko ilikimbilia Sudan, sisi wa Arua tukakimbilia Kongo. Watoto wakazaliwa huko huko. Historia hiyo naijua vizuri tu. Sikuiweka kwenye mpango.

Mwuza nyama akaondoka: Sudan. Mwuza samaki akaondoka: Kongo. Fundi wa mashine ya kusaga hakusogea, alikuwa tayari yuko upande wake.

Mimi nikabaki kifua mbele. Mimi ni wa hospitali ya Arua, mama amenihadithia tangu utoto.

"Wewe! Nenda kule."

Nilijua sauti ile kabla ya kugeuka.

"Mama, mimi nilizaliwa Arua."

"Ile ya Arua nasema juu ya shule, wasisumbue wewe. Mimi nakimbia na wewe kwa tumbo. Nazaa wewe Kongo, kwa boma ya mutu hapana jua hata jina yangu. Asubuhi nakwenda lima shamba yake, yeye nalipa mimi muhogo. Watu ya pale nakasirika. Nasema hawa ya Uganda nalima kwa muhogo tu, naharibu kazi ya vibarua. Nataka sisi natoka. Ile mutu nakataa. Nasema, hapana, hii mama iko na mtoto mudogo."

Akaninyooshea kidole.

"Ile mtoto iko wewe."

Wakuu, sitawadanganya, machozi yalinilenga. Umri wote huu sikujua kwamba niliwahi kuwa hoja ya mkutano wa watu wengine. Nikajikokota hadi mashineni. Mama Kiden akasogea, akanipa nafasi kivulini.

Kule kwa wazawa akabaki mtu mmoja, Wafula, mwuza chapati kutoka Mbale, mashariki ya Uganda. Huyu ndiye ambaye sokoni tulikuwa tunamwita mgeni, maana hajui hata salamu ya Kikakwa, lugha ya hapa Koboko. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Barabara nzima yake.

"Sasa mimi nitauzia nani?" akauliza.

Akajikuna kichwa, akakumbuka kitu.

"Bibi yangu anatoka Bungoma, kule Kenya. Haitoshi?"

Tukampigia kura. Alipita bila kupingwa. Hata mama yangu alinyoosha mkono, na yeye si mwanachama wa soko.

Mzee Lemi akauliza, "Sasa sisi yote iko wageni. Nani nahama?"

Mkutano ukafungwa kwa sala.

Kesho yake nikavuka barabara kumbembeleza Candiru arudi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bosi, hapa mimi nakula kabla ya wateja. Jumapili nakwenda kanisa. Kwako nilikuwa nakula nini? Ukoko."

Hakurudi, na ana haki. Mimi nilizunguka soko zima nikihubiri kwamba wageni wanawaumiza wafanyakazi wetu, kumbe mfanyakazi wangu alianza kula vizuri siku mgeni alipofungua kibanda.

Nikamgeukia Mama Kiden, nikamwomba radhi. Akaniambia tangu alipofungua alitaka tuongee. Yeye hapiki chai, hana nafasi, na watu wake wakishiba wanataka chai ya tangawizi. "Lakini wewe naangalia mimi kama polisi," akasema. Akacheka, nami nikacheka kwa aibu.

Siku hizi wateja wakimaliza kisra anawaelekeza kwangu. Mchana mabenchi yangu yanajaa watu walioshiba chakula cha jirani, wanakunywa chai mpaka alasiri, na wanaotaka maharage ya jioni wanafungiwa wanaondoka nayo. Watoto wamerudi shule. Jembe la Ayivu limesubirishwa.

Sisemi kila kitu ni asali. Kodi za vyumba zimepanda, na vijana wanaobeba mizigo wanalalamika kwamba wamekuwa wengi mno kuliko mizigo. Siwabishii, shida yao ni ya kweli na inahitaji watu wenye akili kuliko mimi.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani wateja wa Koboko ni wale wale, akija mwuzaji mwingine basi wangu wanapungua. Nikasahau kwamba wanaokuja wanakuja na matumbo yao, na mtu mwenye tumbo atanunua mtama, chai, hata chapati za Wafula. La pili, kabla hujaitisha mkutano wa kuwaondoa watu, mpigie mama yako simu kwanza. Mwulize ulizaliwa wapi, na nani aliyekataa mfukuzwe.

Mpishi nimepata mpya, anaitwa Poni, naye ni wa ng'ambo. Siku ya kwanza alikuja na masharti yake mdomoni: Jumapili kanisa, na anakula kabla ya wateja. Nilipouliza nani kamfundisha, akatazama upande wa pili wa barabara. Candiru akanipungia mkono.

Haya, walioko Kasulu, Namanga, Mutukula, kwenu hali ikoje? Na kama una mkutano wako uliokugeuka, mwaga hapa tusikie. Nitajibu jioni. Sasa hivi Poni ameketi anakula, na anayemhudumia ni mimi.