Habari Aliyopewa Mzee Sironga

Mimi ni mtu wa Lumuma. Nimekulia kwenye vitunguu, ng'ombe nimewakuta ukweni, na mambo ya kompyuta nimeyakuta kwa mume. Kwa hiyo nikisema Yoeli alikosea, najua wapo watakaouliza huyu Monica anajua nini. Waulize tu. Niliyaona yote, na mpaka leo moyo unaniuma.

Yoeli, mume wangu, ni mtoto wa Mzee Sironga, mfugaji. Amechunga, amesoma, sasa anatengeneza simu hapa Mikumi. Yeye na mwenzake Goodhope, anayekaa Kilosa mjini, walitunga programu wakaiita Zizi. Simu ya anayechunga inatuma mahali kundi lilipo, na ng'ombe wakikaribia mashamba, ujumbe unaingia kwa mfugaji na kwa mwenye shamba. Kabla ya hapo, kiangazi kikikaza watu walikuwa wanakatana mapanga kwa ajili ya mahindi. Na hawakuiuza! Waliiweka wazi mtandaoni, kila mtu aisome ilivyoandikwa, aichukue, airekebishe. Wilaya nyingine wakaichukua. Mimi nilikuwa nalalamika, mwanaume gani anafanya kazi halafu anagawa bure, naye anacheka.

Asubuhi moja ikaingia barua pepe kutoka kwa mtu wa nchi ya mbali asiyemjua. Alianza kwa kuisifu Zizi, kisha akasema ina tundu. Kila kundi lina ukurasa wake, na anwani ya ukurasa inaishia na namba. Ukiibadilisha ile namba kwa mkono, unaona kundi la mtu mwingine: liko wapi, wako wangapi, nani anachunga. Nywila huulizwi. Akasema hajamwambia mtu, akaomba walizibe kimya kimya, na watangaze pale tu kila anayeitumia Zizi atakapokuwa amepata toleo jipya. Ndiyo desturi ya kazi yao. Mlango usio na kufuli hautangazwi kabla kufuli halijafungwa.

Yoeli alikaa chini kama aliyepewa taarifa ya msiba. Nikamwambia azime programu yote, basi, yaishe. Akasema akiizima leo, kesho ng'ombe wako kwenye mahindi ya watu, na damu itakayomwagika nani ataijibu? Mimi mtoto wa wakulima hilo nililijua, nikaacha kumsukuma.

Goodhope aliandika haraka kiraka, yaani marekebisho ya kuziba lile tundu. Tabu ilikuwa kwa hao wa wilaya nyingine, kila mmoja anaendesha Zizi kwenye mashine yake mwenyewe. Huyu yuko porini hana mtandao, yule hapokei simu. Wakakubaliana watoe kiraka kwa wote siku moja, maana kikitoka mapema, mjanja akikisoma atajua tundu liko wapi. Yoeli akawa hali chakula, anachungulia mashine tu kama kuna aliyeingia.

Sasa njooni kwa baba mkwe. Kwao, watu wakikutana hawaishii kwenye "nzuri". Mmoja anatoa habari kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mvua, majani, mgonjwa, ndama, mwenzake anaitikia, kisha naye anatoa zake. Kumficha baba yako habari ni kumvunjia heshima. Na habari uliyopewa unaifikisha kama ulivyoipokea, huikati. Nilipoolewa nilichoka, chai inapoa watu bado wako kwenye majani. Lakini sisi kwetu tunateta nyuma ya kanisa, kwa hiyo sina la kuwacheka.

Siku ya mnada wa ng'ombe Mzee akapita nyumbani. Yoeli akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akatoa habari. Mzee akamtazama.

"Umeruka kitu," akasema.

Kwa Goodhope alikuwa amejikaza, kwangu alijikaza. Kwa baba yake alishindwa. Na tuseme kweli, aliwaogopea ng'ombe wa baba yake. Akamweleza. Mzee akakataa, kitu chenye nywila kitafunguliwaje na mtu baki? Ndipo Yoeli, jamani, akachukua simu, akabadilisha namba, ukurasa ukafunguka. Lilikuwa kundi la Seleina, mjane wa rika la Mzee, ndiyo mali yake yote, liko upande wa Mvumi, linachungwa na binti yake Rutha peke yake. Mzee akaomba aoneshwe tena, polepole, mpaka akaelewa.

Yoeli akamsihi asimwambie mtu. Mzee akajibu kwa utulivu kabisa, "Watu wabaya siwaambii."

Akaenda mnadani, akawapa habari watu wake wote. Akaitoa nzima, na namba inavyobadilishwa, na kundi la Seleina aliloliona. Aliitoa kwa upendo, naapa, ili wajihadhari. Wengi wakazima simu zao palepale. Seleina hakuwepo, mguu ulikuwa umevimba, na kila mmoja alidhani mwingine atampitishia. Na mnadani masikio si ya watu wako peke yao.

Kesho yake, mchana kweupe, lori liliwakuta ng'ombe wa Seleina mtoni. Wezi walijua mahali, walijua kuna msichana mmoja tu. Rutha walimfunga kwenye mti, wakapakia wakaondoka. Nashukuru Mungu yu hai. Yoeli akafungua kumbukumbu za mashine, akakuta ukurasa wa Seleina umefunguliwa asubuhi ile, tena na tena, kwa simu isiyo yake. Jioni hiyohiyo wilaya ya mwisho ikajibu kuwa iko tayari, na kiraka kikatoka.

Nilimfokea Yoeli mpaka sauti ikakauka. Bora angemwambia kila mtu, au asingemwambia hata mmoja! Baba mkwe sikuweza kumfokea. Nilimwekea chai nikatoka nje nikalia.

Seleina alikuja akichechemea na fimbo. Nilimwamkia, nikamsogezea kigoda, hakukaa. Yoeli akasimama mbele yake, akamwambia tundu limezibwa, hakuna atakayeona tena kundi la mtu.

"Ulijua kabla?" Seleina akamuuliza.

"Nilijua, yeyo." Ndivyo wanavyomwita mama.

"Baba yako ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Ulipomwonyesha, ulimfungulia ng'ombe wa nani?"

Mzee Sironga alikuwa palepale mlangoni. Yoeli alinitazama mimi, eti nimsaidie. Ningemsaidia na nini?

"Wa kwako," akasema.

Seleina akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea habari ya kawaida. Akatoa simu yake kwenye shuka, akampa.

"Nifute humo."

Yoeli akaanza kueleza kwamba sasa ni salama, tena anahitaji kumbukumbu zile kuwasaidia polisi, lakini akaacha katikati. Akazinakili pembeni, kisha akamfuta. Akakosea, akarudia. Seleina alisubiri amesimama mpaka kazi ikaisha, akachukua simu yake, akapita katikati yetu akaondoka, hakutupa habari wala hakutuuliza zetu.