Ndoo ya Waongo

Ukipita mwaloni kwetu Pasiansi, ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, asubuhi ukamwona mwanaume mrefu mwenye kofia ya pama na visikizio masikioni, ameshika mpini wenye sahani chini, anaupeleka kushoto na kulia juu ya mchanga mtupu, huyo ni mume wangu Masalu. Usihangaike kumsalimia, hatakusikia. Mimi mwenyewe, mama wa watoto wake, nikimtaka huwa namrushia kokoto.

Mashine hiyo ya kutafutia madini alitoka nayo Geita. Huko alihangaika na dhahabu ujana wake wote, na kilichomrudisha nyumbani ni mdomo wake. Wenzake wakimwonyesha mnunuzi jiwe na kuapa kwamba lina dhahabu, Masalu analiwekea sahani, anasikiliza, kisha anasema palepale, mbele ya mgeni, "Hili ni jiwe tu." Walimvumilia, wakachoka, wakamtoa kwenye kundi. Nilipomlaumu aliniambia, "Mama Suzana, kwingine naweza kukosea. Kwenye madini sisemi uongo." Nikarudi jikoni, maana mtu mbishi namna hiyo utamfanya nini?

Basi sasa anawatafutia watu vitu vilivyopotea ufukweni. Anayekuja kuogelea Jumapili akadondosha funguo au hereni, anaelekezwa kwa Masalu. Ungedhani ni kazi nyepesi, kumbe shida yake kubwa ni kudanganywa. Kizibo cha soda kinalia vizuri kuliko pete. Karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara inalia. Vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu vinalia, changarawe nyekundu zenye chuma zinalia, na mchanga ukilowa sana mashine inapiga kelele yenyewe bila kuulizwa. Wote hao Masalu anawaita waongo, na anawajua kwa tabia. Akisikia mlio hakimbilii kuchimba. Anaupitia tena polepole, halafu anazunguka na kuupitia kwa upande wa pili, kwa sababu mwongo, anasema, mara nyingi husikika ukimjia upande mmoja, ukimjia wa pili anakosa neno. Akiwa na wasiwasi anapunguza ukali wa mashine, au anainua sahani kidogo. Siku moja alihangaika na mlio uliomfuata kila alikokwenda, mpaka akakumbuka simu iko mfukoni. Siku nyingine mwongo alikuwa mimi. Nilimpelekea chai nikasimama karibu na sufuria yangu, mashine ikaimba, akanifukuza kwa mkono kama anayefukuza kuku. Nilirudi na chai yangu nikainywa mwenyewe.

Ana mwiko mmoja: mwongo akishachimbwa harudishwi mchangani. Anaingia kwenye ndoo kuukuu ya rangi. Anasema mwongo ukimwacha, kesho atakudanganya tena, na tena anaweza kumlalia mkweli aliye chini yake asisikike. Ndoo ikijaa anaipeleka Mabatini kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Isipojaa inakaa mlangoni pa jiko langu, na vidole vyangu vya miguu vinaijua.

Mwaka huu jirani yetu Akelo alipoteza pete ya ndoa. Akelo ni mjane, mtu wa Mara, anaanika dagaa pale mwaloni pamoja na Dorcas na wanawake wengine. Alikuwa anageuza dagaa, mikono ina mafuta ya samaki, jioni akatazama kidole, pete hakuna. Mumewe Okwach alikuwa fundi Nyakato, na Akelo hakuwa na kitu kingine cha mumewe alichokishika kila siku. Alikuja kwa Masalu macho yamevimba, wanawake wenzake wote nyuma yake.

"Shemeji, nisaidie. Nikiikosa ile nimemzika Okwach mara ya pili."

"Pole sana, shemeji. Ni ya madini gani?"

Akelo aliwatazama wenzake kidogo. "Dhahabu nyeupe," akasema.

"Ndiyo," Dorcas akadakia, "sisi wote tunaijua. Dhahabu nyeupe ya Okwach."

Bahati nzuri mbalamwezi ilikuwa inakaribia. Mwezi ukiwaka dagaa hawavutwi na taa, mitumbwi inapumzika, na uwanja wa kuanikia unabaki wazi. Masalu alikuwa na siku hizo tu. Giza likirudi, dagaa wangemwagwa tena, miguu na mafagio vingeufukia ule mchanga au kuusukumia majini.

Aliugawa uwanja kwa kamba akaanza. Alichimba kila kilichopiga kelele, hata vile vinavyokoroma kichuma, ili asibaki mwongo wa kumfunika mkweli. Ndoo ikapanda. Misumari, vizibo, nati, pete za nyavu, kijiko, vipande vya taa. Sauti ile laini ya dhahabu haikuja. Akarudia uwanja kwa upande wa pili. Usiku anageuka kitandani, chakula anakichungulia tu. Nilimhurumia mpaka nikaacha kumtania, na mimi kuacha utani ni ugonjwa.

Kisha maneno yakaanza. Dorcas aliuliza kwa sauti, pale dukani, iweje mtu wa Geita apekue uwanja mzima asione dhahabu. Mwingine akasema labda ameiona. Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Masalu alikuwa amekaa kando ya ndoo yake iliyojaa, anaifunga kamba kwa safari ya Mabatini.

"Mchanga ule hauna dhahabu," aliniambia. "Kesho nitamwambia shemeji hivyo. Watasema wanavyosema."

Kabla sijamjibu Akelo akaingia uani. Hakukaa hata nilipomvutia kigoda.

"Mama Suzana, nimesikia wanavyomsema shemeji. Siwezi kulala." Akashusha pumzi. "Ile pete si dhahabu. Ni nati. Nati ya chuma."

Masalu aliinua kichwa.

"Mchungaji alishatangaza ndoa, na pete hatuna," Akelo aliendelea. "Okwach akachukua nati pale karakana, akaichonga kwa tupa mpaka ikang'aa. Akanivalisha, akaninong'oneza, hii ni dhahabu nyeupe ya Nyakato. Tulicheka mbele ya mchungaji, karibu atufukuze. Wanawake waliponiuliza nikawajibu hivyo hivyo, kwa utani, wakaamini. Sasa Okwach hayupo wa kucheka na mimi. Nikisema ni nati, watamcheka yeye."

Nilidhani Masalu atakasirika. Siku zote hizo, jina lake limechafuliwa, kumbe anatafutishwa kitu kisichokuwepo! Lakini aliuliza taratibu tu, "Chuma, shemeji?" Akaifungua ile kamba, akaipindua ndoo yote katikati ya ua.

Tuliinama wote watatu. Vitu vya duara vilikuwa vingi, vyote vimeota kutu, vyote vinafanana. Akelo alikuwa anachukua kimoja kimoja na kukipitisha kidole gumba kwa ndani, macho ameyafumba. Alituambia tupa iliwahi kumteleza Okwach, ikaacha alama ndogo ndani ya pete, na yeye alizoea kuisugua alama hiyo akiwa na mawazo. Aliweka chini nati, akaweka chini pete ya wavu, akachukua nyingine. Kidole kikasimama.

Aliishika kifuani kwa mikono miwili akalia, na mimi nikalia naye. Masalu akageukia ziwani akajifanya anakohoa.

Akelo aliisugua kwa majivu na mchanga mpaka ikaanza kung'aa. Mitumbwi iliporudi kazini na dagaa wa kwanza wakamwagwa, alikuwa mwaloni, pete kidoleni, hajui atasema nini. Masalu naye alikuwepo, anatafuta funguo za mtu. Dorcas aliiona, akashika kiuno.

"Kumbe imepatikana! Ilikuwa wapi, baba Suzana? Na mbona imefifia hivi? Hii kweli ni dhahabu?"

Wanawake wote waliacha kugeuza dagaa. Akelo alitazama chini. Mimi nilikuwa nafika na sufuria ya chai, nikasimama palepale, maana namjua mume wangu. Nilishaona mdomo uliomfukuzisha Geita ukifunguka.

Masalu alikuwa ameshateremsha visikizio shingoni. Akauchukua mkono wa Akelo, akaitazama pete kwa makini, akaigeuza kidogo.

"Dhahabu nyeupe," akasema. "Nimeipima mwenyewe."

Dorcas alirudi kugeuza dagaa wake. Akelo alifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na nikajua anacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilimpenda Masalu siku ile kuliko siku aliyonioa, na sioni haya kulisema. Nikamwendea na chai yake. Mashine ikaipigia kelele sufuria yangu, na yeye hakunifukuza.